Agosti Ambayo Mzee Hosea Alimponda Mjukuu Wake

Hosea Tolliver alichora mistari ya uwanja wa Chuo cha Ransom kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyekanyaga mstari wake ukiwa mbichi akaachwa salama. Hata mkuu wa chuo alifokewa siku moja, yeye na suti yake na wageni wake, akarudi nyuma hatua tatu huku akiomba radhi. Mimi nilikuwepo, nimeleta kuku wa kukaanga kwa ajili ya hao wageni. Nilicheka mpaka nikaegemea gari.

Hakuwa mkali kwa mambo mengine. Alifunga kamba yake kutoka kigingi hadi kigingi, akasukuma kitoroli chake cha rangi taratibu, akanyoosha yadi tano baada ya yadi tano, na jioni akaenda zake nyumbani kwa mkewe, Lurlene. Lurlene alipofariki, akaenda zake nyumbani kwa mjukuu, Tavaris, ambaye mama yake alikuwa kazini Jackson na aliyelelewa na babu tangu akiwa na miaka sita. Maisha yake ndiyo hayo. Kuna watu wamevuka bahari mara kumi na hawana ya kusimulia, na kuna Hosea, ambaye hakuwahi kufika mbali kuliko Memphis.

Sasa, mpira wetu huu wa helmeti na mabega ya kuvaa, mechi zake zinaanza Septemba. Lakini kwa sisi watu wa mji wa Pruitt msimu unaanza siku ya kwanza ya mazoezi, mwanzoni mwa Agosti, jua la Mississippi linapowachemsha vijana ndani ya helmeti zao na sisi tunapoanza kubishana nani ataingia kikosi cha kwanza. Na mwaka huo Kocha Maddox alifunga mazoezi. Alizungushia uwanja turubai la kijani, akaweka mlinzi getini, akasema mashabiki tuna midomo mipana. Kusema kweli tunayo, lakini kuambiwa ni jambo lingine. Tulikasirika mji mzima.

Aliyeruhusiwa kuvuka lile turubai alikuwa mmoja tu. Hosea alikuwa amestaafu miaka minne, lakini kijana aliyeajiriwa mahali pake alichora kama mtu anayefukuzwa na nyuki, kwa hiyo kila Agosti walimrudisha mzee. Kocha alimpa sharti: ingia vijana wakishatoka. Kwa hiyo hakuona hata mchezaji mmoja. Na wala hakuhitaji, kwa sababu yeye alisoma nyasi.

Kikosi cha kwanza hufanya mazoezi upande wa kaskazini, cha pili kusini, imekuwa hivyo tangu enzi za makocha watatu waliopita. Wale majitu wa ukuta, wanaosimama mstari wa mbele, wenye kilo mia na arobaini, huchimba mashimo mawili kila wanaposukumana. Mpiga teke huacha kipara kidogo cha udongo. Kila mtu na njumu zake na hatua zake, na Hosea aliwajua wote kwa mguu. Mjukuu wake alikuwa beki wa kati, yule anayegongana na kila anayekuja, na kabla ya kuruka aliburuza mguu wa kulia. Aliacha mkwaruzo mmoja mrefu, kama kuku aliyeparua mara moja akaghairi.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Hosea aliingia mkahawani kwangu, akaketi meza ya dirishani, na mkutano ukaanza. Nilimwekea uji wa mahindi wenye siagi na kambare wa kukaanga. Shemasi Purvis Oatis alikuwa tayari pale na kalamu yake, kwa sababu anaandika kila jina kwenye karatasi ya kufutia mikono. Lonzo Keyes, kinyozi, alikuwa anasubiri kufungua duka lake lakini mdomo ameshaufungua.

"Haya Mzee Hosea," Lonzo akaanza, asubuhi ya wiki ya kwanza. "Nyasi zinasemaje? Mpiga pasi wetu mpya yuko kaskazini au bado wamemficha kusini?"

"Kaskazini. Anarudi nyuma hatua saba, halafu anakimbilia kushoto hata pasipo na mtu wa kumfukuza. Ni mwoga."

"Andika mwoga," Shemasi akajiambia, akaandika.

"Na ukuta?"

"Ukuta upo. Mashimo ya mwaka huu nimeyajaza ndoo mbili za mchanga."

Meza nzima ikapumua. Mwaka uliopita hatukuwa na ukuta, tulikuwa na mapazia.

"Kwa hiyo nyuma yao tuna Tavaris," Lonzo akasema, "na hapo mimi silali na wasiwasi. Shemasi, beki wa kati usiulize. Tolliver, andika kwa wino."

"Usiandike," akasema Hosea.

Shemasi akainua kalamu.

"Tavaris hana miguu mwaka huu," Hosea akaendelea, macho kwenye uji. "Anachelewa. Yule Kendrell Sykes wa mwaka wa pili anamzidi. Mimi ningekuwa kocha ningemweka Kendrell, na Tavaris ningempumzisha."

Lonzo akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Mzee, Tavaris gani? Huyu wako? Huyu aliyeangusha watu kumi na mmoja kwenye mechi moja tu?"

"Huyo huyo. Mwaka jana ni mwaka jana."

Nilidhani ni unyenyekevu. Kuna wazee wetu hawapendi kusifia damu yao hadharani, wanaogopa kuonekana wanajipigia debe. Lakini kesho yake alisema hivyo tena, na kesho kutwa, na kila siku aliongeza. Tavaris amekuwa mzito. Tavaris anageukia upande usiofaa. Kufikia wiki ya pili mtu angedhani mzee ana kesi na kijana yule.

Nitakwambia sasa jambo ambalo sisi hatukulijua, maana sitaki umchukie kama nilivyomchukia mimi.

Novemba iliyotangulia, katika mechi ya mwisho, Tavaris aligongwa kichwa. Akasimama, akacheza mpaka filimbi, tukashangilia. Saa kumi alasiri Hosea alikwenda kumchukua na pikapu lake. Njiani Tavaris akauliza, "Babu, tumeshinda?" Hosea akasema tumeshinda. Walipofika kwenye daraja la reli akauliza tena. Kwenye kinu cha pamba akauliza tena. Kisha akamgeukia babu yake kwa adabu zote alizomfundisha, akasema, "Samahani mzee, wewe ni nani? Nani amekutuma unichukue?"

Hosea alisimamisha gari pembeni ya mashamba. Walikaa pale mpaka kijana akarudiwa na akili, na aliporudiwa, jambo la kwanza alilofanya ni kumshika babu mkono na kumwapisha. Babu usimwambie mtu, si mama, si daktari wa timu, si kocha. Nimebakiwa na msimu mmoja. Akisikia mtu, nimekwisha. Na Hosea, kwa sababu hajawahi kumnyima chochote yule mtoto, akaapa. Aliapa kwa jina la Lurlene, kwa hiyo hapakuwa na pa kutokea.

Akakaa na kiapo hicho majira ya baridi, majira ya kuchipua na kiangazi. Alikuwa na hofu moja tu: kwamba siku moja atagongwa tena, na safari hiyo kijana hatamkumbuka asubuhi iliyofuata wala nyingine yoyote. Kuvunja neno hakuweza. Kunyamaza hakuweza. Ndipo akavumbua hila ambayo angeweza kuivumbua mtu wa Pruitt peke yake. Kocha Maddox ananyolewa kwa Lonzo kila Alhamisi. Lolote linalosemwa mezani kwangu Jumatano, kocha amelisikia Alhamisi akiwa na shuka shingoni. Basi Hosea akaamua kumponda mjukuu wake mpaka maneno yamfikie kocha, kocha aingiwe na shaka, Tavaris akalishwe benchi. Hivyo kijana angepona na kiapo kingebaki kizima.

Masikini. Hakumjua Lonzo.

"Nimekutetea, Mzee," Lonzo akatangaza Ijumaa ya wiki ya pili, akajimiminia kahawa bila kuniomba. "Wewe umechanganyikiwa na jua, lakini mimi nipo. Kocha kanikalia pale kitini, nikamwambia, usimsikilize mzee wa mistari, Tavaris ni chuma. Nikamwambia mpe mechi zote. Akatikisa kichwa kukubali, nusura nimkate sikio."

Hosea aliweka kijiko chini. Nilimwona amebadilika rangi, nikadhani ni aibu.

"Nani alikutuma?" akauliza polepole.

"Hakuna haja ya kutumwa. Mtoto wetu sote yule."

"Si mtoto wako, Lonzo."

"Na wako je?" Hapo niliingia mimi, Vernell, birika la kahawa mkononi. Mimi hasira zangu ziko karibu, sijawahi kulificha hilo. "Wiki mbili nakusikiliza unamvunja yule mtoto mbele ya watu. Lurlene angekuwa hai ungethubutu? Kama huna jema la kusema juu ya damu yako, kula uji wako unyamaze, au ukanywe kahawa kwingine."

Shemasi akakunja karatasi yake. Hosea aliniangalia, na nakiri kwamba macho yale niliyaona na sikuyaelewa. Akavaa kofia yake, akasema, "Samahani, Bi Vernell," akatoka. Kambare hakuwa ameguswa.

Nilijisikia mshindi hadi mchana. Baadaye nikaanza kujisikia vibaya, na mimi nikijisikia vibaya huwa nazidisha kosa. Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu, Tavaris alipopita mlango wa nyuma kuchukua mikate ya siagi, kama afanyavyo tangu utotoni. Kijana mwenye mabega ya kuziba mlango, na bado anagonga na kusubiri.

"Tavaris, una ugomvi na babu yako?"

"Hapana, Bi Vernell. Kwa nini?"

Na mimi nikamwaga yote. Kwamba hana miguu, amekuwa mzito, Kendrell anamzidi, apumzishwe. Kila asubuhi, mbele za watu. Nilimwambia ili amjue adui wake, nikiamini natenda wema.

Mwanzoni alikunja uso. "Nina miguu," akasema. "Juzi nimekimbia kuliko wote." Kisha akaacha kutafuna. "Alisema nipumzishwe?"

"Kila siku. Neno hilo halimtoki mdomoni. Apumzishwe, apumzishwe."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akaketi juu ya kreti la soda na kujifunika uso kwa mikono yote miwili. Nikadhani nimemuumiza. Nikaanza kusema kwamba wazee husema mengi, asijali, lakini akanizuia.

"Bi Vernell, babu yangu hajawahi kudanganya. Anatembea maili moja kurudisha mwavuli. Kila siku anadanganya?"

"Nyasi ndizo zinazomwambia, anasema."

"Nyasi hazisemi hivyo," Tavaris akasema. Akasimama, akaniachia mikate yangu palepale mezani, akaenda. Sikujua anakwenda wapi.

Hosea hakurudi mkahawani wiki hiyo. Lonzo alimwona akiingia uwanjani jioni na kitoroli chake, mgongo umeinama. Mkutano wetu ukawa wa kubahatisha tu. Shemasi aliandika majina na kuyakata, na Lonzo alipiga domo kwa ajili ya watu wawili, lakini bila nyasi tulikuwa tunaongea hewa.

Jumatano, hili alinisimulia mwenyewe baadaye, Hosea alikagua upande wa kaskazini na hakuuona ule mkwaruzo. Akaenda kusini, haukuwepo. Akazunguka ukingoni, na karibu na benchi akakuta nyasi zimekanyagwa mahali pamoja, na maganda ya alizeti yametapakaa. Tavaris hutafuna mbegu za alizeti akiwa amesimama bila kazi, na hajawahi kusimama bila kazi uwanjani. Moyo ukamruka mzee wa watu. Kisha akajikatalia. Alikuwa amezisingizia zile nyasi kwa wiki mbili nzima, akaona hana haki tena ya kuziamini pale ziliposema alichokitaka. Akajiambia ni mtu mwingine mwenye mbegu. Alhamisi maganda yaliongezeka. Akayafagia, akachora mstari wake hapo, asimwambie mtu.

Kijana nyumbani alikuwa akiingia amechelewa na kutoka mapema, na hakusema kitu. Baadaye alituambia alitaka babu asikie siku ileile na watu wote, ili asiweze kuambiwa kwamba ni yeye aliyevunja kiapo.

Jumamosi ndiyo siku yetu kubwa. Mazoezi yanakwisha, turubai linashushwa, mji mzima unaingia na viti vya kukunja na matikiti na majungu ya samaki, bendi ya chuo inapiga mpaka mbwa wanalia, na Kocha Maddox anasimama katikati ya uwanja na kipaza sauti na kusoma kikosi cha kwanza, jina baada ya jina. Hosea alikuwa ameamka alfajiri kuchora upya. Ilipofika saa tano mstari wa pembeni ulikuwa bado haujakauka vizuri, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake akiulinda, mikono nyuma, akiwafukuza watoto kwa macho. Mimi nilisimama hatua chache kutoka kwake. Hatukuwa tumesalimiana.

Kocha akasoma ukuta. Tukapiga makofi. Akasoma mpiga pasi, yule mwoga, Shemasi akanung'unika. Akafika kwa walinzi.

"Beki wa kati," Kocha akasema. "Kendrell Sykes."

Uwanja mzima ukafanya "aah", kama watu walioangushiwa sahani. Lonzo alisimama juu ya kiti chake. "Sykes? Kocha, soma tena!" Vichwa vyote vikageuka kumtazama Hosea.

Hosea Tolliver alikuwa ameketi chini. Hakuanguka, aliketi tu, katikati kabisa ya mstari wake mbichi, na suruali yake nyeusi ya kanisani ikanywa rangi. Alikuwa analia. Alilia bila kujificha, mabega yakimtikisika, kofia mapajani.

Kina mama wakamkimbilia. Mmoja akamletea pai ya pichi, mwingine chai baridi yenye sukari, Shemasi akamwekea mkono kichwani na kuanza kumwombea afarijiwe. Lonzo alikuja na uso wa mazishi. "Pole, Mzee. Pole sana. Nilikwambia usimponde, sasa ona." Nami nikapiga magoti karibu naye, ule moyo wangu mgumu umelainika, nikasema, "Hosea, bado kuna mechi nyingi. Atarudi kikosini."

Akanishika kiganja kwa nguvu. "Vernell," akasema, "usiniombee mabaya."

Hapo ndipo nilipomwona uso vizuri. Nimepika kwenye misiba ya mji huu miaka ishirini na sita, naujua uso wa mtu aliyepoteza. Huu haukuwa huo. Huu ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa na daktari kwamba uvimbe si kitu, vaa shati uende nyumbani.

Umati ukaachia njia. Tavaris alikuja akivuka uwanja, amevaa jezi yake lakini bila mabega, bila helmeti, ubao wa kocha kwapani na mbegu za alizeti mfukoni. Akachuchumaa mbele ya babu yake, akiwa mwangalifu asiguse rangi.

"Nilimwambia kocha mwenyewe, Jumatatu," akasema. "Yote ya Novemba. Daktari wa timu alinipima Jumanne, akasema angekuwa na habari asingeniacha nivae hata helmeti moja ya mazoezi. Kwa hiyo basi, Babu. Nimemaliza. Kocha kanipa kazi ya kumfundisha Kendrell. Hukuvunja neno. Mimi ndiye niliyesema."

Hosea akajaribu kuongea, akashindwa. Alimshika kijana kichwa kwa mikono yote miwili, akakipapasa pande zote, taratibu, kama anayekagua tikiti sokoni.

"Mimi ni nani?" akauliza.

Sisi tuliokuwa tumesimama pale na mapai yetu hatukujua swali hilo linatoka wapi. Tavaris alijua. Macho yalimjaa maji, lakini hakukosa jibu.

"Wewe ni yule mzee anayezunguka mjini akisema sina miguu."

Hosea akacheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, na kijana akamwinua kwa makwapa. Tulipoambiwa habari yote, pale pale, Lonzo aliketi kwenye kiti chake. Kisha akamwomba mzee radhi, mara mbili. Mimi nilimwomba mara moja, lakini nilimpelekea kambare wa bure hadi Krismasi.

Mstari wa pembeni ulibaki na doa upana wa makalio ya mtu. Wachezaji walitaka kulifunika kabla ya mechi ya kwanza, na yule kijana aliyeajiriwa mahali pa Hosea alishaleta kitoroli. Hosea akamwambia aliache lilivyo.